Maneno Yaliyotolewa Miiba

Kule Lubuye, mutaa wa Kalemie, mutu akifiwa, alituma mujumbe kwanza kwa fundi wa masanduku, halafu kwa Papa Germain. Fundi alikuja kupima maiti. Germain alikuja kupima maneno.

Kazi yake ilikuwa hii. Kabla sanduku halijafungwa, lazima mutu asimame mbele ya watu asome maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alizaa na nani, alikufa namna gani. Hapo kwa neno la mwisho njo vita ilikuwa inaanzia. Mutoto wa marehemu anasema babake alilogwa na mujomba, vijana wa mutaa wanaokota mawe, na kabla jasho la wabeba-maiti kukauka, mabati ya mujomba yametobolewa kama chujio na maiti mwenyewe amesahauliwa juani. Ndiyo maana familia zilipeleka maneno yao kwa Germain mapema. Aliwakalisha barazani kwake, akawaacha waseme yote, matusi na machozi pamoja, naye anaandika. Kisha aliwasomea polepole, na kila alipofikia jina la mutu wa kulaumiwa, alisimama akainua kalamu.

"Huu ni mwiba," alikuwa anawaambia. "Tuuache ukwame kwa koo za watu, ama tuutoe?"

Walinung'unika, walitazamana, mwisho walisema atoe. Aliutoa, akaziba tundu kwa neno laini: Mungu alimupenda kuliko sisi. Karatasi ya kwanza, ile yenye miiba, aliitia kwa moto wa jikoni mbele yao, ili mutu mwingine asije kuiokota na kuitembeza mutaani. Ilikuwa sheria ya kazi yake na hakuivunja hata mara moja. Ndiyo sababu walimuita Mutoa-Miiba, na matanga yaliyopita mukononi mwake yalimalizika kwa chakula, si kwa mawe.

Hakuwa mutu wa masomo. Mapadri walimufikisha mwaka wa ine wa primeri, babake akafa, minerval, pesa ya shule, ikakosa, akaenda bandarini kubeba magunia. Mashini ya kuandika aliiona kwa dirisha tu, kwa biro, maofisi ya wengine. Alichokuwa nacho ni sikio, na muke wake Générose, binti wa kule Kabimba, aliyeuza ndagala sokoni na kucheka kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Générose njo alimusukuma. Jioni moja, akichambua ndagala mulangoni, alimuambia kwamba yeye ni kama mupishi wa mapadri: anapika kwa wengine, kwake mwenyewe wanalala njaa. Maneno ya watu wote yamepita kwake, yake yako wapi? Germain alicheka, lakini neno lilimukaa. Akaanza kuandika mambo yake mwenyewe. Aliandika juu ya viatu vyake vya kwanza, namna alivyovibeba kichwani hadi mulango wa kanisa ndipo akavivaa, asivichoshe kwa njia. Aliandika juu ya harufu ya ndagala ambayo haitoki kwa shuka hata ukifua kwa sabuni ya nani. Générose alikuwa wa kwanza kusikiliza. Akicheka, Germain aliacha neno. Akinyamaza, alilifuta.

Wa kuyachapa alikuwa Norbert.

Huyu Norbert alikuja toka Niemba akiwa mwalimu kijana na suruali moja. Serikali ilikuwa na kumbukumbu nzuri kwa siku za sikukuu, lakini mushahara wa walimu ilikuwa inausahau, na Norbert angekufa njaa kama si bukari na ndagala za Générose. Alikula kwenye baraza ile, na kwenye baraza ile ile alimuangalia Germain akitoa miiba. Chama cha serikali kilipotafuta watu wa kusema mbele ya watu, Norbert alijipeleka. Hotuba zake za kwanza alizileta kwa Germain, zimejaa hasira za mwalimu asiyelipwa, na Germain alimusafishia moja moja, akimuonyesha pa kukata na pa kuziba. Kijana alishika kazi haraka. Akapanda. Alipopata biro na feni, alikuwa mukubwa wa Sauti ya Lukuga, gazeti la karatasi chache lililotoka kila mwezi. Kule kwa biro alikuwa na jina la mababu, kama sheria ya kukataza majina ya Kizungu ilivyotaka. Lubuye alibaki Norbert.

Lazima tumupe haki yake: alimupa Germain ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa Mutoa-Miiba. Ndani ya mwaka, watu asiowajua walikuwa wanamusimamisha sokoni kumuuliza habari za viatu. Mukatekista wa Nyunzu alipanda treni na kumbukumbu zake ndani ya mufuko wa unga, anaomba zinyooshwe. Mufanyabiashara wa Manono alimuletea barua ya kuposa. Germain alianza kuota kwamba ataacha magunia kabisa, aishi kwa kalamu, mutu wa kuandika na kunyoosha maandiko ya watu, bila bosi. Norbert alimuahidi karti ya gazeti, yenye picha na muhuri, ili milango ifunguke. Kila walipokutana alimuambia karti iko njiani. Njia ya wakubwa ni ndefu, hata kitu cha kutoka mutaa wa pili kinazeeka humo.

Halafu tumbo la Générose likamushika.

Daktari alisema apasuliwe siku ile ile, kungoja ni kufa. Chumba cha kupasulia kilihitaji mashini ya umeme, na mashini ilihitaji mazutu. Mazutu yalikuwepo, pipa zima, nyuma ya jikoni ya hospitali. Wauguzi walimulaza Générose kwenye korido, tayari, wakingoja mashini iwashwe. Wakati huo lori liliingia. Vijana wawili wenye shati za Chama walishuka na karatasi mukononi, wakalipindua pipa, wakalisukuma lipite korido ile ile, karibu kabisa na kitanda, kwa sababu mulango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Sikukuu ya Chama ilikuwa inakuja. Wachezaji wa ngoma walitaka mikrofoni, na jukwaa lilitaka taa.

Générose alisikia pipa likivuma kwenye saruji. Aliuliza wanalipeleka wapi.

"Wanalirudisha," Germain alimujibu.

Jua halijazama, alikuwa amekwisha kufa. Kutoka uwanjani mikrofoni ilisikika hadi wodini, watu wakijaribu nyimbo za kushukuru.

Siku ya maziko, watu wa Kabimba walimuuliza Germain, muko wao, dada yao alikufa namna gani. Alifungua mudomo, hakuna kilichotoka. Yeye aliyesemea marehemu wa Lubuye yote. Emerance, Yaya yaani dada mukubwa wa Générose, mwanamuke mufupi mwenye macho ya kupima watu kama samaki wa mizani, alisema wamuache. Atasema siku ya maji.

Kwa watu wale, mwanamume aliyefiwa anafungwa kitambaa cheusi mukononi, na ni watu wa muke peke yao wanaoweza kukifungua. Mwaka ukipita wanakuja na beseni la maji na majani. Kabla ya kumumwagia, wanasikia tena habari ya kifo, mwanzo hadi mwisho. Habari ikiwatosha, wanamunawisha, wanakata kitambaa, anakuwa mutu huru na ndugu yao vilevile. Isipowatosha, wanarudi na beseni lao. Mutu wa namna hiyo hakai kwenye mukeka wa ndugu wala kwenye kiti cha wageni. Ni mutu aliyekula muke wake, basi.

Mwaka mzima Germain aliandika. Magunia mchana, kalamu jioni, hakuna wa kumuchekea wala kumunyamazia. Aliandika pipa. Aliandika lori, shati, korido. Aliandika kwamba wakubwa walichagua taa za kuchezea ngoma kuliko taa ya kumuokoa mutu. Aliandika hata lile neno, wanalirudisha, kwamba muke wake alikufa akiwa amedanganywa, na mudanganyifu ni yeye, kwa desturi ya kazi yake. Lilikuwa andiko la kwanza alilolimaliza bila kutoa mwiba wowote. Na alitaka lichapwe. Habari ya kusemwa uani inafia uani, aliwaza. Hii lazima wakubwa waisome na chai yao ya asubuhi. Alimutumia Emerance salamu Kabimba kwamba siku ya maji hatasema kwa mudomo: watasoma wao, na Kalemie yote itasoma nao.

Aliandika nakala safi kwa karatasi nzuri. Zile za kwanza alizitia motoni, kama siku zote. Mukono ulifanya bila kumuuliza.

Norbert aliisoma amesimama, feni ikimupeperusha kola. Alipofika mwisho, machozi yalikuwa yanamutoka kweli. Alisema Mama alimulisha akiwa hana kitu, na hataacha mutu mwingine aguse andiko hili, atalipiga mashini yeye mwenyewe.

"Humu usitoe mwiba, Norbert. Hata mumoja."

"Hata mumoja, Papa."

Siku ya maji, watu wa Kabimba walifika asubuhi kwa mutumbwi wa mota, wakapanda Lubuye na beseni limefunikwa kwa kitenge. Ua ulijaa. Germain alikaa chini kwenye mukeka kama desturi inavyotaka, mikono mitupu, kwa maana aliyefiwa hashiki kitu wala haongei kabla ya kunawishwa. Magazeti yalikuwa yameletwa asubuhi ile ile kutoka kwa biro, yamefungwa kamba, na hakuna aliyeyagusa. Emerance aliwaambia wafungue. Kaka yake, Isidore, aliyefanya kazi kwenye mawe ya chokaa na aliyejua kusoma vizuri, alichukua moja, akakohoa vumbi, akaanza.

Mwanzo ulikuwa wake. Harufu ya ndagala ilikuwepo, na kicheko cha kufika barabarani, na watu walicheka, wengine wakapangusa macho. Germain aliinamisha kichwa akingoja korido.

Korido haikuja. Isidore alisoma kwamba ugonjwa ulikuwa mkali. Alisoma kwamba wauguzi walifanya yote. Alisoma: Mungu alimupenda kuliko sisi. Kisha akasoma shukrani kwa viongozi wetu, ambao hata katikati ya matayarisho ya sikukuu hawakukosa kutoa lori la kubeba sanduku. Chini kabisa: Mutoa-Miiba.

Lori lilikuwa lile lile lililochukua pipa. Hilo lilikuwa kweli, na njo jambo lililomukata Germain kuliko uongo wote.

Alisahau desturi, akaongea. Alisema hayo si maneno yake, aliandika pipa, aliandika yote. Isidore alikunja gazeti mara mbili, bila haraka. Watu wa mutaa walitazama miguu yao. Emerance alimuachia amalize.

"Shemeji," alisema, "matanga ya baba yetu ulituandikia wewe. Tulikuambia nani alimuacha ziwani usiku wa dhoruba. Ulituomba tutoe jina, kwa ajili ya amani. Tulikubali. Ukaweka neno gani pale?"

Germain alitazama mukeka.

"Uliweka neno gani? Watu wasikie."

"Mungu alimupenda kuliko sisi," Germain alisema.

"Ni mukono wako. Sisi tunaujua, umekwisha kutunyonga mara moja. Kama si wewe, tuonyeshe karatasi uliyoandika."

Hakuwa nayo. Kila mutu uani pale alijua kwamba hakuwa nayo, kwa sababu kila mutu uani pale aliwahi kuona karatasi zake za kwanza zikiungua jikoni, na walimushukuru kwa hilo. Alisema karatasi iko kwa Norbert. Emerance alijibu kwamba basi aende amulete Norbert aseme mbele yao. Mutumbwi unaondoka baada ya saa za joto. Maji yatamungoja hadi hapo.

Alishuka hadi kwa biro karibu akimbie, kitambaa cheusi mukononi, watu wakimupisha kama mutu anayepeleka habari ya kifo. Norbert alikuwepo. Alimukaribisha kiti, akaagiza aletewe maji ya kunywa, akamuuliza sherehe imeendaje. Germain alimuomba jambo moja tu: aje Lubuye, au amupe karatasi yake.

Norbert alisema karatasi haipo tena. Aliichoma. Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mwanafunzi anayemuonyesha mwalimu kwamba hakusahau somo. Ingeonekana na mutu mwingine mle ndani, Germain angelala jela leo, na yeye Norbert pamoja naye. Alimuokoa. Na tena, andiko si zuri sasa? Limelainika. Mukuu wa zone amelisifu mbele ya watu.

"Mimi nilikuomba nini?" Germain alimuuliza.

"Uliniomba nisiguse. Na wewe, Papa, familia ngapi zilikuomba hivyo? Uliwaambia nini?"

"Mimi nilitoa miiba watu wasiuane. Wewe umetoa kwa ajili ya nani?"

Feni ilizunguka. Norbert alitazama mulango, kisha akashusha sauti. Alisema Papa asifikiri vibaya, siku ile hakujua Mama yuko hospitalini, hakuna aliyemuambia. Angejua, angetafuta pipa jingine. Waliomba mazutu, yeye ndiye alikuwa na zamu ya matayarisho, alisaini kama anavyosaini karatasi zote.

Germain alisogea mezani.

"Ile karatasi ya vijana. Ni wewe."

"Ni mukono wangu," Norbert alisema. "Lakini si mimi, Papa. Ni kazi."

Halafu akafungua kabati ya meza, akatoa karti. Picha ilikuwepo, ile Germain aliyopiga zamani akiwa na muke, yeye peke yake amekatwa akabaki na bega la Générose pembeni. Muhuri ulikuwepo. Ukurasa ni wake kila mwezi, Norbert alimuambia, na kazi za kunyoosha hotuba za zone nzima zitapita kwake, ataacha magunia. Asimame tu kwa maneno yaliyochapwa. Akiyakana, nani atamuamini?

Yote aliyoyaota yalikuwa pale juu ya meza, na bega lile. Alitamani kuchukua bega tu. Akaiacha karti ilipo, akatoka bila kufunga mulango.

Aliwakuta ufukoni. Beseni lilikuwa tayari ndani ya mutumbwi, tupu. Maji walikuwa wameyamwaga uani, kwenye shina la mugomba, ili yasirudi nao. Alisimama ndani ya ziwa hadi magotini akawaambia yote kwa mudomo: pipa, korido, neno alilomudanganya nalo dada yao, na jina la aliyesaini. Hakuziba tundu hata moja. Dereva wa mota alizima mashini asikilize. Alipomaliza, Isidore alikuwa ameshika uso kwa mikono. Emerance alimutazama, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake hayakupima kitu.

"Mimi nakuamini," alisema mwishoni. "Nikufungue hapa kwa maji ya ziwa, wewe na mimi tutajua. Lakini gazeti limetangulia. Kule Kabimba watalisoma kwamba mudogo wangu alikufa vizuri na wakubwa walimubeba kwa lori. Watoto wetu wa kesho watasoma hivyo. Yachape haya uliyosema, pale pale yalipochapwa yale. Siku hiyo nitakuja na beseni mwenyewe, hata nikiwa mzee wa kubebwa."

"Hawatachapa, Yaya."

"Najua," Emerance alisema. Akamugusa mukono, juu ya kitambaa, akamuambia dereva awashe.

Toka siku ile Germain hakutoa mwiba tena. Familia zilipokuja aliziandikia vile zilivyosema, majina yote, na ziliposomewa zilichukua karatasi zao, zikaenda kutafuta mutu mwingine. Haikuwa vigumu kumupata. Kule kwa biro vijana kadhaa walikuwa wamekwisha kujifunza kazi. Mukatekista wa Nyunzu hakurudi. Bandari ilimupokea tena na magunia yake, ingawa mugongo ulikuwa umezeeka.

Ukurasa wa Mutoa-Miiba uliendelea kutoka. Kila mwezi watu walimusimamisha sokoni kumusifu kwa maneno ambayo hakuyaandika: shukrani kwa barabara isiyokuwepo, kumbukumbu za viatu ambavyo hakuwahi kuvaa. Aliwaambia si yeye. Walicheka, wakasema Papa ana unyenyekevu.

Na kila mwezi alipeleka kwa biro karatasi moja, habari ya pipa, imeandikwa upya kwa mukono safi. Nakala nyingine aliiweka nyumbani chini ya godoro, hachomi tena. Mulinzi aliipokea, akasema itafika kwa mukubwa. Haikuchapwa. Kitambaa cheusi kilipauka, kikawa rangi ya majivu, kikakatika kwa uzito wa magunia. Watu walimuambia sasa kimeanguka chenyewe, Mungu amemufungua.

Alikwenda sokoni akanunua kipande kingine, akakifunga.